Akerere na Motere Yake Nyeusi

Mimi ninakumbuka majina. Wajukuu wangu wananicheka kwa sababu hiyo. Mwanamke aliyekuwa anauza ndizi upande wangu wa kushoto kwenye soko la Kabondo aliitwa Feza, na mbuzi wake alikuwa na jina pia, aliitwa Ministri. Lakini yule mzee ninayetaka kumwandika hapa sitampa jina. Analo, ninalijua, kila mtu wa bichi, pale ukingoni mwa mto, analijua. Abaki Akerere tu, inamtosha.

Kwa ninyi ambao hamkuwa bado duniani: wakati wa Zaire, Serikali iliamka siku moja ikasema maduka ya wageni sasa ni ya wenye nchi. Wagiriki, Wareno, Wahindi, wote wakatolewa nyuma ya meza zao, na kila duka likapewa mwenyeji. Mwenyeji huyo, kwa Kifaransa chao, aliitwa acquéreur. Sisi kwa midomo yetu tukasema Akerere. Walikuwa wengi Kisangani. Lakini pale bichi, mahali pirogi, ile mitumbwi mirefu, zinapotua, ukisema Akerere hakuna mtu aliyekuuliza yupi.

Yeye alipewa duka la Mgiriki mmoja, tulimwita Papa Taki. Lilikuwa linauza nyavu, misumari, mafuta ya taa na motere za mashua. Sijui alikuwa anamjua nani huko juu hata akapewa yeye. Alichokifanya na lile duka, hicho ninakijua, kwa sababu nilikuwa ninawapikia wafanyakazi wake katika uwanja wa nyuma: pondu ya majani ya mihogo siku zote, makayabu, samaki wa chumvi, siku ya mshahara, na siku ya mshahara ilikuwa inakuja ikipenda. Alilitafuna lile duka kama muwa. Nyavu zikaisha, misumari ikaisha, halafu hata mbao za kupangia vitu zikang'olewa. Serikali ilipogeuza maneno yake na kusema wageni warudi, Papa Taki akarudi. Alikuta kuta. Alisimama katikati, akavua kofia, akaishika tumboni kama mtu yuko kilioni. Akerere alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya mguu.

“Papa Taki, karibu kwako,” akamwambia. “Tulikufagilia.”

Tulicheka. Ndiyo, sisi wote, hata mimi niliyekula mshahara mzuri kwa mke wa Papa Taki zamani. Akerere alikuwa na kinywa. Hiyo ndiyo taabu ya watu wa namna ile, wanakuchekesha kwanza, na ukishacheka umeshakuwa upande wao.

Watu hakuwaita kwa majina. Saidi, kijana wa Kindu aliyekuwa anaendesha mashua, yeye alimwita Mukono. Mlinzi, Papa Likoke, mtu mzima mwenye wajukuu, alimwita Kizibo, kwa sababu alikuwa mfupi na anakaa mlangoni. Mimi nilikuwa Sufuria. Miaka yote niliyofanya pale, Sufuria. Ulikuwa wakati ule Serikali ilikuwa imetukataza majina ya ubatizo. Mimi niliacha Cécile nikarudia jina la bibi yangu, dada yangu aliacha Marie akawa Bolumbu. Tukaenda tukaandikishwa, tukajifunza kuitikia. Nilimwambia siku moja, “Patron, nina jina sasa, tena la asili, la authenticité kabisa.” Akasema, “Serikali imewapa majina marefu ya babu zenu. Serikali iko na wakati. Mimi sina.”

Watu hakuwapenda, lakini mashine alizipenda, na hilo nililiona kwa macho. Alikuwa na kitambaa cheupe katika mfuko wa abakosi yake, lile koti la Zaire lisilo na tai. Jasho lake alilipangusa na mkono. Kile kitambaa kilikuwa cha motere. Aliipangusa taratibu, pembe kwa pembe, kama mama anavyompangusa mtoto masikio. Jioni aliifunika na blanketi ya sufu aliyoikuta katika nyumba ya Papa Taki. Papa Likoke alikuwa analala pembeni ya ile motere, chini ya gunia la mchele, na wakati wa mvua nyingi Kisangani inajua kuwa na baridi. Akamwomba.

“Patron, hata kipande kidogo tu cha blanketi, miguu basi.”

“Kizibo,” akasema, “weye ukishikwa na baridi unafanya nini?”

“Ninakohoa, Patron.”

“Ukikohoa, mwizi anajua iko mutu. Ni vizuri. Motere ikishikwa na baridi, haiwaki. Sasa niambie mwenyewe, blanketi ni ya nani?”

Papa Likoke alikohoa miaka mingi pale. Mwishowe alikohoa damu, na Akerere akatafuta mlinzi mwingine, naye akamwita Kizibo vilevile.

Sasa nisiwe mwongo. Nyumba ya Feza ilipoungua, kabla majivu hayajapoa, Akerere alikuwa ameshatuma malata mapya, mabati mazuri, ya kufunika nyumba nzima. Hakuna mtu mwingine wa bichi aliyetoa hata msumari. Feza akaja kupiga magoti. Yeye akamwinua kwa kiwiko, akamwambia mbele yetu wote: “Usinishukuru. Sasa kila mvua ikinyesha juu ya kichwa chako, utanisikia mimi.” Na Feza aliniambia kuwa ni kweli. Mvua ikianza, usingizi unaisha. Aliuza yale malata akarudia majani.

Tena alikuwa anaogopa maji. Mtu wa mashua! Hakujua kuogelea, na kila alipopanda alivaa ndani ya abakosi mpira wa gurudumu la gari, umejazwa upepo. Alitembea kuelekea mashua amevimba kama mwenye mimba, mikono imemsimama mbali na mwili. Wanawake wa bichi walikuwa wanauma vitambaa vyao wasicheke. Mama Lotika, muuza chikwange, ile mikate ya mihogo, yeye hakuwa na woga, alimwuliza siku moja, “Patron, itazaliwa lini?” “Siku ya kufa kwako,” akasema. “Nitaipa jina lako.” Hakuna aliyecheka tena.

Niseme habari ya sikio lake, kwa sababu hapo ndipo habari yote ilipo. Akerere alikuwa na sikio. Alikuwa anakaa uwanjani, amefumba macho, motere inapita mbali mtoni, anasema: “Ile ni ya padri wa Yanonge. Buji moja imechoka.” Na kweli, baada ya muda padri anaingia dukani, mikono myeusi, anatafuta buji, plagi ya kuwashia motere. Sikumwona akikosea. Kwenye mto wetu hiyo ilikuwa elimu kubwa, maana mto wetu ni wa masikio. Kuna kona, kuna visiwa, kuna ukungu. Mashua unaisikia zamani sana kabla ya kuiona. Kila motere ina sauti yake, na vijiji vyote kutoka Lubunga hadi Isangi vinajua sauti ni ya nani. Wakisikia ya mfanyabiashara, mwanamke anaondoa chungu motoni, anachukua samaki zake, anateremka ukingoni. Motere ya zamani ya Akerere, ile aliyoinyang'anya kwa Papa Taki pamoja na mashua, watoto wa vijijini walikuwa wanaiigiza kwa midomo: ta-ta-ta-tinga, ta-ta-ta-tinga. Ikifika, ukingo umejaa watu.

Na kulikuwa na sauti nyingine. Motere za kawaida zilikuwa za silinda mbili, zina kelele kama wanawake wanaogombana kisimani. Mashua ya watu wa kodi ilikuwa na motere nyeusi ya silinda tatu. Ile haikugombana. Ilinguruma chini, sauti moja ndefu, unaisikia kwanza tumboni. Kijiji kikiisikia, hakuna anayeuliza. Wanaume wasio na kadi ya Chama, wenye deni la kodi, wenye mbuzi, wenye bata, wenye radio, wenye binti mzuri, wote porini. Wanabeba wazee mgongoni. Watu wa kodi wanakuta moto unawaka na mbwa.

Bon. Motere ya ta-ta-ta-tinga ikafa. Saidi aliipasua, akaifunga, akaipasua tena, ikakataa. Akerere hakuwa na duka tena, alikuwa amebaki na uwanja na ile mashua tu. Lakini ilikuwa mashua! Ndefu, nyembamba, Papa Taki aliitengenezesha kwa mashindano ya sikukuu, tulikuwa tunaiita Likonga, yaani mkuki. Hakuna kilichokuwa kinaipita kati ya Kisangani na Isangi. Ikabaki juu ya mchanga, na Akerere akawa anazunguka pembeni yake kama mtu aliyefiwa.

Siku zilezile nikapata habari ya dada yangu. Bolumbu alikuwa ameolewa Yalotumba, kijiji cha wavuvi chini ya Yangambi, na mume mmoja mzuri aliyeitwa Lifoli. Alikuwa na mimba kubwa na mtoto amekaa vibaya, amelala njia ya kando. Mkunga wa Yangambi alimshika tumbo akasema huyu lazima apasuliwe, na daktari wa kupasua pale hakuwapo, aende Kisangani. Kwa kafi, kupandisha mto, ni siku na siku, na yeye hakuweza hata kukaa. Lifoli alinitumia neno na mtu wa pirogi: tafuta mashua ya motere, ya haraka, la sivyo usahau kuwa ulikuwa na dada.

Mashua ya haraka ilikuwa moja. Ilikuwa juu ya mchanga, inangoja motere.

Kwa hiyo ile siku muuzaji alipoleta motere tatu, mimi niliacha pondu yangu ikaungua. Muuzaji alikuwa mtu wa Kinshasa, Bosongo, viatu vyeupe, mdomo hauna breki. Alikuwa na motere ya buluu, nyekundu, na nyeusi. Kwanza wakaziwasha moja moja ndani ya pipa la maji, pale uwanjani. Bosongo alikuwa anaongea bila kupumua: ya buluu hainywi mafuta, patron, nyekundu, vipande vyake unavipata kila mahali, patron, nyeusi, alors, nyeusi hii, patron, ni ya wakubwa.

“Weye nyamaza,” Akerere akamwambia. “Si weye nitafunga nyuma ya mashua.”

Saidi alipenda ile ya buluu. Alisema nyeusi ni nzito, itakandamiza Likonga nyuma, na ikivunjika hatupati kipande chake hata kwa dawa. Akerere hakumkatalia. Alisema, “Mukono iko na haki. Lakini pipa si muto. Tuende bichi.”

Tukaenda bichi, watu wote, na ilikuwa saa ya soko, wanawake wamejaa ukingoni na vitunga vyao. Akaagiza Saidi afunge motere moja, avuke hadi Lubunga, akazunguke nyuma ya kisiwa asionekane, halafu arudi mbio. Halafu ya pili. Halafu ya tatu. Yeye akaletewa kiti. Akakiweka ukingoni na kukaa, na jambo hili watu walilizungumza sana: aliugeuzia mto mgongo. Tulisema, tazama Akerere anavyojionyesha, hataki hata kuangalia, sikio linamtosha.

Ya buluu ikaja. Hakuna aliyeinua kichwa. Nyekundu ikaja, ilikuwa na sauti ya kupiga chafya, wanawake wakacheka. Halafu nyeusi. Ilikuwa bado nyuma ya kisiwa, hatuoni kitu. Nilimwona Mama Lotika ameacha kuhesabu chikwange, mikono juu. Halafu akaanza kuzirudisha kitungani haraka haraka, na wale wa pembeni yake vilevile, na mmoja alikuwa ameshampandisha mtoto mgongoni. Likonga ikatokea, inaruka juu ya maji, Saidi peke yake ndani. Mama Lotika akatema mate.

“Patron, hapana hii! Hii ni sauti ya watu wa kodi. Utatuua na woga.”

Akerere akasimama, akatoa kitambaa chake cheupe. “Njo hii, nyeusi,” akasema.

Nikapiga magoti palepale, mchangani, mbele ya Bosongo na viatu vyake. Nikamwambia habari ya Bolumbu, kwamba mashua ikienda Isangi isimame Yalotumba, imchukue. Akanisikiliza vizuri.

“Dada yako iko na uzito gani?”

“Uzito ya mwanamke mwenye mimba, Patron.”

“Mutoto moja ao mapacha? Ninauliza muzigo.”

“Moja, Patron.”

“Basi alale katikati, chini, asinisogelee. Weye utakuja kumushika. Akipiga kelele, utamuziba mudomo.”

Nikamshukuru. Nilibusu mkono wake, ule wa kitambaa. Nikatuma neno kwa Lifoli kwa pirogi inayoshuka: siku fulani, mchana, mngoje ukingoni na Bolumbu, Akerere atapita. Sikufikiri kumwambia zaidi, na sauti ya motere huwezi kuituma kwa mdomo wa mtu.

Siku ile tuliondoka asubuhi. Likonga haikuwa inaelea, ilikuwa inapiga maji kofi. Akerere katikati, amevimba na mpira wake, mikono imeshika mbao huku na huku, macho yamefumba. Nyuma Saidi. Mbele mimi na wapakizi wawili, Asani na Bahati, na magunia matupu mengi. Niliuliza magunia ni ya nini, Asani akasema hajui. Yanonge, niliona watoto wanapanda ukingo mbio. Nikasema labda wanacheza. Vijiji baada ya Yanonge, hakuna mtu. Moshi, na hakuna mtu. Yangambi walitutazama tu, pale ni watu wa mshahara, hawakimbii. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshajua.

Kabla ya kona ya Yalotumba Saidi akapunguza mwendo.

“Patron, tuzime hapa. Maji yanatuteremusha yenyewe. Tuimbe, tuite majina, batatujua.”

“Kwa nini?”

“Batakimbia, Patron. Na mugonjwa iko pale.”

Mimi nikaanza kuita kabla hajajibu. Lifoli! Bolumbu! Ni sisi! Sauti yangu ilikuwa inakufa ndani ya ile ngurumo kama kibiriti kwenye mvua.

“Patron, ninakuomba, uzime,” nikasema. “Kidogo tu, mpaka kona.”

Akafumbua macho. “Sikununua motere ili niimbe,” akasema. “Mukono, kaza.”

Saidi akakaza. Ninamwandika hapa kama alivyokuwa: alikuwa analia na alikuwa anakaza.

Yalotumba ilikuwa tupu. Ukingoni kulikuwa na mkeka, umetandikwa chini ya kivuli cha majani ya mawese waliyoyakata kwa ajili yake, na juu ya mkeka kikombe cha maji kimeanguka. Walikuwa wanatungoja. Walikaa pale asubuhi yote wakingoja ta-ta-ta-tinga. Juu zaidi, juu ya vichanja, samaki wa moshi wamejaa, ngolo na mboto, na moto chini yake bado.

Niliruka majini, nikapanda, nikaingia porini ninaita. Nyuma yangu nilimsikia Akerere anasema, “Bahati, Asani, magunia.” Nilidhani anaokoa safari yake, mtu wa biashara hapendi kurudi mikono mitupu. Nilimsikia pia akisema, “Sufuria atatukuta,” halafu motere ikiondoka.

Nilimkuta Bolumbu mbali, ng'ambo ya kijito, mahali wanapojificha siku zote. Lifoli na kaka zake walimbeba mbio, mmoja kichwa, wengine miguu, juu ya mizizi na ndani ya matope, na yeye akiwa vile. Ile mbio ndiyo iliyomaliza. Damu ilikuwa imelowesha vitenge vyote. Alinijua. Akaniuliza, “Yaya, dada yangu, Akerere amekataa kuja?” Nikamwambia yuko njiani. Alikufa jua likiwa bado juu, na mtoto ndani yake. Lifoli alikuwa amekaa chini, mikono juu ya magoti. Hakunitukana. Aliniuliza tu, “Shemeji, kwa nini mulituletea Serikali?”

Sikurudi katika uwanja wa Akerere. Pondu yake aliipika mwingine. Saidi alirudi Kindu kwa miguu, watu walisema, hakutaka kupanda kitu chochote chenye motere. Akerere aliendelea. Miaka ile samaki wake wa moshi walikuwa wengi kuliko wa mtu yeyote, na wa bei ndogo, na sisi wanawake wa soko tulikuwa tunasema ana bahati ya shetani. Hata wale waliokuwa wananionea huruma walikuwa wananunua kwake.

Halafu ile motere nyeusi ikavunjika, na kipande chake hakikupatikana, kama Saidi alivyosema. Likonga ikaoza. Chama kikaanza kuoza nacho. Watu waliokuwa wanamjua huko juu wakaanza wenyewe kutafuta wa kuwajua.

Mara ya mwisho nilimwona bichi, mchana, kwenye pirogi ya kuvuka kwenda Lubunga. Mimi nilikuwa ninakwenda kununua mihogo. Wanaume wawili walimleta wamembeba mikono na miguu, wakamweka ndani, mbele yangu, pamoja na furushi lake. Miguu ilikuwa imevimba, haikumbeba tena. Abakosi ilikuwa ileile, imepauka, na ndani yake hakukuwa na mpira, kulikuwa na mifupa. Alikuwa anahamia kwa mpwa wake Lubunga, ndiye peke yake aliyekubali kumpa chumba. Alishika ubavu wa pirogi kwa mikono yote miwili na kufumba macho. Papa Botamba, mpiga kafi, akasukuma.

Tulipofika katikati, nikamsalimia.

“Patron, habari.”

“Nani?”

“Nilikuwa ninapika kwako.”

Akafumbua jicho moja. “Aa! Sufuria.” Akatabasamu, kweli alifurahi. “Pondu yako ilikuwa na chumvi mingi.”

“Patron, ninataka kukuuliza. Ile motere nyeusi. Mama Lotika alikuambia ni sauti ya batu ba kodi. Hukumusikia?”

Akacheka mpaka pirogi ikatikisika, akaogopa, akaacha kucheka.

“Sufuria, nyote mulizani nilichagua na masikio. Nilichagua na macho! Niligeuzia muto mugongo, nikaangalia nyie bamama. Ya buluu, hakuna mutu alisimama. Nyekundu, mukacheka. Nyeusi, mukabeba vitunga. Nikasema, na hawa wako hapa mjini, mbele ya polisi. Kule chini itakuwa namna gani? Mutu anayekimbia habebi samaki yake.” Akanitazama kama anayengoja nimsifu. “Kwa mashua, ile ya buluu ilikuwa muzuri zaidi. Mukono alikuwa na haki.”

“Na dada yangu?”

“Dada yako nani?”

“Bolumbu. Wa Yalotumba. Alikuwa anatungoja.”

Alitafuta. Ninasema ukweli, niliona uso wake unatafuta, alikunja paji, alijaribu kwa roho nzuri.

“Yalotumba,” akasema. “Ngolo za pale zilikuwa zimekauka vizuri. Ndiyo. Lakini mutu, sikumbuki mutu.”

Tukafika Lubunga. Pirogi za kuvuka hazingoji. Wa kushuka bado wanashuka, na wa kurudi wameshaingia na kuku zao na mkaa wao. Desturi ni kwamba mwenye nguvu anampa mkono asiye nayo. Wote walishuka, tukabaki mimi na yeye. Akanyoosha mikono juu, yote miwili, kama mtoto anayetaka kubebwa.

“Sufuria, nishike.”

Nikachukua kitunga changu. Nikaingia majini hadi magotini, nikapanda ukingo. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaingia na kuku akaniuliza, “Mama, huyu papa anashuka?”

“Hapana,” nikasema. “Anarudi.”

Yule mwanamke akakaa mahali pangu. Wengine wakaingia, wakajaza, Papa Botamba akasukuma bila kuangalia nyuma. Akerere akaanza kupiga kelele na kujaribu kuinuka, pirogi ikalala upande, na watu wote wakamgeukia kwa hasira.

“Kaa chini, papa! Utatuzamisha!”

Akakaa.